Mpwa wangu, kocha hakuchukii

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako ameniambia unataka kuiacha timu yako ya mpira wa kikapu kwa sababu kocha anampanga yule kaka mtu mzima asiyeruka, na wewe unayeruka na kuutumbukiza mpira kikapuni kwa danki za kuinua uwanja unasugua benchi. Nakuandikia hadharani kwa kuwa vijana wengi wana uchungu huohuo.

Wewe unampenda Jonathan Kuminga, nami pia. Mtoto wa Goma, mji unaozungumza Kiswahili, kufika NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, si jambo dogo. Basi tumtazame yeye. Mei 2022, timu yake ya Golden State Warriors ikipambana na Memphis Grizzlies katika mfululizo wa mechi za mtoano, Kuminga alianzishwa akiwa na miaka 19. Mechi ya tano Warriors wakachapwa 134 kwa 95. Kabla ya mechi ya sita, wachezaji Stephen Curry na Draymond Green wakamshauri Mike Brown, aliyekuwa ameshika nafasi ya kocha mkuu Steve Kerr, amwanzishe Kevon Looney. Huyu alikuwa wa 30 timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya mwaka 2015, amefanyiwa upasuaji wa nyonga, na kuruka si sifa yake. Usiku ule alifunga pointi 4 tu. Lakini alidaka ribaundi 22, yaani mipira iliyokosa kikapu, na 11 kati ya hizo ni mipira ambayo wenzake walirusha wakakosa, yeye akawapa nafasi ya pili. Wakashinda, na mwezi uliofuata wakawa mabingwa.

Angalia walioomba ni nani. Ni wachezaji wenzake! Curry alipokimbia kumtoroka beki, alitaka awe na hakika, bila kugeuza shingo, kwamba Looney amesimama pale pa kumzuia beki huyo. Kwenye kukaba ni hivyohivyo: ukitoka kumsaidia mwenzako aliyepitwa, mtu wako anabaki wazi, wa pili lazima amfuate, wa tatu azibe pengo la wa pili. Akichelewa mmoja, wote watano wamefungwa. Kocha akirudia video usiku, hapo ndipo macho yake yanapoganda. Danki zako alishaziona.

Na yule kaka ana udhaifu wake, tena mwingi. Tofauti ni kwamba kocha anaujua na ameshapanga namna ya kuufunika. Udhaifu wako hajui utatokea dakika gani, na katika robo ya nne hilo linamnyima usingizi kuliko pointi unazoweza kumpa.

Sisemi makocha hawakosei. Aprili 2025 Kuminga hakuingizwa uwanjani kabisa kwenye mechi ya kuwania kuingia mtoano. Wiki chache baadaye Curry akaumia, na kijana huyo akawafunga Minnesota Timberwolves pointi 30 katika mechi moja. Warriors walipoteza mechi hiyo, lakini naamini mtu wa namna hiyo alistahili kuaminiwa mapema zaidi. Kocha akizidisha tahadhari, naye hulipa.

Ila hilo haliko mikononi mwako. Jumatatu wahi mazoezini. Usimuulize kocha kwa nini huchezi. Mwombe akuonyeshe kwenye video mahali ulipomwacha mtu wako. Kisha mfuate yule kaka, akufundishe anavyomzuia mpinzani kwa mgongo kabla mpira haujagonga chuma cha kikapu. Sidhani kama atakunyima.

Mjomba wako