Salfa mnaiogopa, petroli mnainyonya

Mhariri,

Msimu wa kupulizia mikorosho umefika, na huku kwetu Tandahimba petroli imehamia majumbani. Vijiji vingi viko mbali na vituo vya mafuta, hivyo watu hununua ya chupa kando ya barabara au huitoa kwenye pikipiki. Kijana anatumbukiza mpira kwenye tangi, anavuta kwa mdomo, inamjaa kinywani, anatema, anacheka, kisha anachanganya na oili na kuwasha mashine ya kupulizia. Huyohuyo akianza kumwaga salfa, ule unga wa kuzuia ukungu wa mikorosho, anajifunga kitambaa usoni hadi macho tu ndiyo yanaonekana!

Mimi ni muuguzi mstaafu. Waliokuwa wakiletwa zahanati kwa kumeza petroli walikuwa hao wa mpira, na watoto wadogo. Uwandani huku maji ni ya shida, tunayahifadhi katika kila chombo chenye kifuniko. Mtoto mwenye kiu akikuta chupa ya maji nyuma ya mlango, atajuaje?

Nyumbani ndiko mambo yalikokuwa yakiharibika zaidi. Bibi anamnywesha maziwa kwa nguvu, shangazi anamtia kidole kooni ili atapike. Jamani, msimtapishe! Petroli ikiwa tumboni, hatari yake ni ndogo kuliko ikiingia kwenye mapafu. Ni nyepesi, hupenya njia ya hewa kwa urahisi, na kumtapisha mtoto ni kuipitisha hapo mara ya pili. Maziwa nayo si dawa yake, yanamjaza tumbo tu mpaka atapike. Mapafuni, hata kiasi kidogo huharibu utando unaofanya vifuko vya hewa visinywee. Mtoto anakohoa, anahema mbiombio, mbavu zinabonyea, homa inapanda. Dalili hizo zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa, kwa hiyo msidanganyike mkimwona anacheza. Mvueni nguo zilizolowa, mwosheni kwa maji na sabuni, mpelekeni kituo cha afya.

Nje ya mwili nako haiachi mtu salama. Mafundi wanaonawa mikono kwa petroli wanaona ngozi inavyokauka na kupasuka, maana inayeyusha mafuta yake ya asili. Mvuke wake una benzini, ambayo ikivutwa kwa miaka hudhuru uboho unaotengeneza damu na huweza kuleta saratani ya damu.

Viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika, siku ya kugawa salfa mnawaeleza wakulima habari za barakoa na glovu. Wakiwa wamekusanyika hapohapo, waonyesheni na pampu ya mkono ya kuhamishia mafuta. Nanyi mnaouza petroli barabarani, sheria hairuhusu na mnajua. Ila kwa kuwa kesho mtakuwa palepale, acheni basi kuitia kwenye chupa za maji ya kunywa.

Muuguzi mstaafu,
Tandahimba, Mtwara