Risala ya Wahitimu wa Darasa la Watu Wazima kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Walimu wetu wapendwa,
Watoto na wajukuu wetu mliokuja leo kutushangilia,
Mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha katika mahafali yetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tulipokuja kujiandikisha, wapo waliotukumbusha kwamba samaki mkunje angali mbichi. Hawakukosea sana, maana tulifika hapa wakavu kabisa. Kulikuwa na mstaafu aliyezoea kuamka alfajiri na sasa hana pa kwenda, mjane aliyeachiwa biashara asiyojua hesabu zake, fundi aliyepunguzwa kazini baada ya mashine mpya kufungwa, na mama ambaye kitindamimba wake ameondoka nyumbani. Alikuwapo pia bwana harusi. Huyo tulimcheka: umeoa juzi, nawe una shida gani?

Mwalimu wa stadi za maisha ndiye aliyetunyamazisha. Alitueleza kwamba mwaka 1967 madaktari wawili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walipanga matukio 43 ya maisha kwa uzito wake. Kufiwa na mwenzi kulipewa alama 100 na talaka 73. Lakini kuoa au kuolewa kulipata 50, kufukuzwa kazi 47, kustaafu 45. Yaani harusi, pamoja na vigelegele vyake, iliwekwa juu ya kufukuzwa kazi! Tangu siku hiyo bwana harusi wetu anadai tumwombe radhi.

Tunalitaja hili kwa sababu kila tunapopita tunaambiwa tuchangamkie fursa. Fursa tunazipenda, Mheshimiwa. Ila nyingi hutukuta matanga hayajaanuliwa, au siku ambayo mtu bado ameficha mfukoni barua ya kupunguzwa kazi. Mwenzetu mjane, wiki za mwanzo, alikaa kiti cha karibu na mlango ili atoke akizidiwa. Hakuna mwalimu aliyemhamisha wala kumuuliza. Siku moja akasogea mwenyewe mstari wa pili, na leo ndiye tunayemkimbilia hesabu za mwisho wa mwezi zinapokataa kulingana. Angelazimishwa kuchangamka siku ya kwanza, tunaamini asingerudi siku ya pili.

Mstaafu wetu naye, alipoambiwa asogeze kipanya juu, alikiinua hewani kama rungu. Risala hii ameichapa yeye.

Jambo jingine tulilojifunza ni wapi fursa hutokea. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter wa Marekani alionyesha kwamba, kati ya watu waliopata kazi kwa kujuana, wengi walielekezwa na mtu wanayeonana naye mara mojamoja tu, si na rafiki wa karibu. Ukifikiri, ina maana: wa karibu nasi wanajua yaleyale tunayoyajua. Tatizo ni kwamba mtu akifiwa au akipoteza kazi, hao wa mara mojamoja ndio huwakwepa kwanza. Anaona haya kuulizwa habari. Anajifungia ndani, na kumbe habari ya kazi iko kwa yule anayemkwepa. Sisi darasa hili limetutoa ndani. Fundi wetu amepata kibarua kwa mtu ambaye kabla ya hapo hata jina lake hakulijua. Walikuwa wakitumia kompyuta moja.

Mheshimiwa, mgeni njoo, wenyeji tupone. Kompyuta ni chache na tunazitumia kwa zamu, kwa hiyo zikiongezwa tutashukuru. Masomo yahamie jioni, kwani wapo waliolazimika kuacha kwa sababu ya vibarua vya mchana. Lakini ombi kubwa halina gharama: utupokee kazini kwako, wawili wawili, tukae siku chache tuangalie mnavyofanya. Hatuombi kuajiriwa. Tunaomba tuwe miongoni mwa watu unaowajua mara mojamoja.

Tunawashukuru walimu, hasa kwa kurudia somo lilelile bila kukunja uso, na familia zilizotuvumilia tukikataa kupika siku za mtihani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, vyeti viko mezani. Mstaafu wetu ameomba aitwe wa mwisho, kwa sababu goti linamsumbua na hataki kuharakishwa na walio nyuma yake.

Tunaomba kuwasilisha.

Wahitimu