Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Mchango wa mwaka na pato la siku

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima nakuandikia kutoka kijiji cha wavuvi katika Kaunti ya Kwale, pwani ya kusini. Mimi ni mhamasishaji wa afya ya jamii, mmoja wa wale laki moja ambao Serikali ilitukabidhi mikoba ya vifaa na simu mwezi Septemba 2023, na kaya zipatazo mia moja ziko chini ya uangalizi wangu. Nimechagua kuandika hadharani kwa sababu jambo lenyewe si la kijiji changu peke yake, na kwa sababu wahamasishaji wenzangu wengi wanalisema kila tunapokutana lakini hawana wasaa wa kuliandika.

Jambo hilo ni namna familia hizi zilivyohama kutoka NHIF, mfuko wa zamani wa taifa wa bima ya hospitali, kwenda SHA, mamlaka mpya ya afya ya jamii hapa Kenya, na hasa lile sharti linalomtaka mtu asiye na mshahara alipe mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Mengi yamezungumzwa kuhusu mitambo, madeni ya hospitali na viwango vya malipo. Mimi, kwa ninavyoona nikipita nyumba hadi nyumba, naamini sharti hili ndilo lililowaacha watu wengi wa hapa nje ya bima.

Kabla sijaendelea, ni haki niseme ya upande wa pili. NHIF iliundwa mwaka 1966, na haikuwa bila kasoro. Aliyechelewesha mchango alitozwa faini, na wako waliokuwa na kadi mfukoni ambayo haikuwasaidia lolote siku ya haja. Utaratibu mpya una mema yake, na mimi mwenyewe nimeyashuhudia: matibabu ya zahanati hayamdai mtu mchango, mgonjwa wa figo ambaye kipindi kimoja cha kusafishwa damu kililipiwa shilingi 9,500 sasa kinalipiwa 10,650, na mlinzi mwenye mshahara wa shilingi 20,000 aliyekuwa akikatwa 750 kila mwezi sasa anakatwa 550, kwa kuwa makato mapya, asilimia 2.75 ya mshahara, yamemwangukia vizuri. Aliyeajiriwa hakuhama, Mheshimiwa. Alihamishwa na mwajiri wake, akaliona jambo hilo kwenye hati yake ya mshahara. Waliohama kwa miguu yao ni hawa wangu.

Naomba nikueleze walikotoka. Chini ya NHIF, mtu asiye na ajira alilipa shilingi 500 kwa mwezi. Hapa kijijini mia tano haikuwa pesa ndogo, lakini ilikuwa pesa inayofikirika. Wakati wa kaskazi, bahari inapotulia na mitumbwi ikitoka kila alfajiri, mvuvi aliweza kuitenga katika mauzo ya siku mbili tatu. Mke wake, ikiwa ni mama karanga, yaani mkaanga na muuza samaki, alidondosha ishirini ishirini ndani ya kopo la maziwa lililowekwa juu ya kabati, na ifikapo mwisho wa mwezi kopo lilimwagwa, pesa zikapelekwa kwa wakala, na ujumbe wa malipo ukahifadhiwa kwenye simu kana kwamba ni hati ya kiwanja. Kusi likishika, mawimbi yakiwa makubwa na mitumbwi midogo ikilala mchangani wiki nzima, kopo lilichelewa kujaa na mchango ukachelewa nalo. Hata hivyo familia ilijua iko wapi: imechelewa mwezi mmoja, au miwili, na itajikomboa bahari ikifunguka.

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii, iliyoianzisha SHA, ilitiwa saini Oktoba 2023. Mwezi Julai 2024 Mahakama Kuu ikaitangaza kuwa kinyume cha Katiba, na mwezi Septemba Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo, hata tarehe 1 Oktoba 2024 utaratibu mpya ukaanza kazi. Sisemi lolote juu ya mahakama, maana hilo haliko katika uwezo wangu. Nasema tu kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikiulizwa mlangoni, na katika muda wa miezi mitatu niliwaambia watu wale wale wajiandae, kisha wasubiri, kisha wajisajili haraka. Mzee mmoja aliniambia kwa upole kwamba nirudi nitakapokuwa na neno moja. Imani ya mlangoni, Mheshimiwa, huchukua miaka kujengeka, na nyingine sijairudisha mpaka leo.

Hata hivyo walijisajili. Tulikaa chini ya mwembe tukapiga *147#, mmoja baada ya mwingine. Kazi ilikuwa kubwa kuliko ilivyoonekana kwenye tangazo, kwa sababu katika kaya nyingi simu ni moja, na laini yenyewe mara nyingi imesajiliwa kwa jina la kijana aliyeko Mombasa. Wengi waliodhani kwamba kadi yao ya zamani imewavusha waligundua kuwa wanapaswa kuthibitisha taarifa zao na kuwaandikisha wategemezi upya. Kijana aliyevuka umri wa kuwa mtegemezi na ambaye hasomi tena alitakiwa ajisajili kama kaya yake mwenyewe, ingawa anakula chungu kimoja na mama yake.

Kujisajili si kulipa. Hapo ndipo ilipo barua yangu.

Asiye na mshahara hupimwa uwezo wake kwa maswali, kisha huambiwa asilimia 2.75 ya pato linalokadiriwa la kaya yake ni kiasi gani. Kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na wengi husikia hapo na kufurahi, maana mia tatu ni nafuu kuliko mia tano ya zamani. Lakini haitozwi kwa mwezi. Inatozwa kwa mwaka, kabla ya huduma, na hiyo mia tatu inageuka 3,600 zinazotakiwa mkononi siku moja, kwa mtu ambaye pengine hajawahi kuzishika elfu tatu ambazo tayari hazijapangiwa unga, karo na mafuta ya injini.

Kuhusu maswali yenyewe nitatoa mfano mmoja tu, ambao mwenyewe ameniruhusu kuueleza bila jina. Ni jirani yangu, mama karanga wa siku nyingi. Huwasubiri wavuvi ufuoni, hununua samaki wadogo, akawakaanga na kuwauza jioni kando ya barabara. Nilimsomea maswali huku yeye akigeuza samaki kwenye karai. Ukuta wa nyumba ni wa nini? Paa? Sakafu? Maji mnachota wapi? Choo ni cha namna gani? Mna mbuzi, mna ng'ombe? Alijibu kweli tupu, na ukweli ni kwamba sakafu yake ni ya saruji. Iliwekwa na bintiye alipokuwa akifanya kazi za nyumbani Saudia, kwa pesa za mwisho alizotuma kabla ya kurudi, na binti huyo sasa yuko nyumbani akisaidia kuparua samaki. Mama akaniuliza, "Mwanangu, kwani sakafu ndiyo inayokaanga samaki?" Nilikosa la kusema. Kiasi kilichotokea kwenye simu sitakitaja, kwa kuwa ni siri yake. Itoshe kusema kilizidi kima cha chini. Alikitazama kitambo, akanirudishia simu, akaendelea kugeuza samaki.

Sidhani kwamba aliyeyatunga maswali hayo alikuwa na nia mbaya, kwa sababu pato la mtu asiye na hati ya mshahara ni gumu kulipima na ni lazima pawe na namna. Lakini nyumba huonyesha pesa iliyowahi kupita, na haionyeshi pesa itakayokuja. Pwani hii ina nyumba nyingi za mawe zilizojengwa na watu waliokwisha kufariki, ambamo wajukuu wanalala wakiwa hawajui kesho watakula nini, na ina vibanda vya makuti ambavyo wenyewe wana mashua mbili. Anayejua ipi ni ipi ni mzee wa kijiji, ni chifu, ni mhamasishaji. Naomba tuulizwe. Naomba kuwe na mahali pa kukata rufaa kwa ana, katika kata, ambapo mama karanga anaweza kusimama na kusema sakafu ilitoka wapi, na jibu likapatikana kabla ya samaki wake kuoza.

Najua kwamba mwaka 2025 Serikali ilianzisha Lipa SHA Polepole, ili asiyeweza kulipa kwa mkupuo alipe kidogo kidogo. Nimeueleza mpango huo katika kila nyumba, na nitaendelea kuueleza kwa sababu ni afadhali kuliko kukosa. Lakini kwa asili yake ni mkopo: mchango wa mwaka unalipwa kwa niaba yako, na wewe unabaki ukidaiwa. Mheshimiwa, mvuvi wa hapa ameshazaliwa ndani ya deni. Chombo ni cha tajiri, nyavu ni za tajiri, mafuta yamekopwa kwa tajiri, na samaki wanaporudi nchi kavu tajiri ndiye anayetaja bei. Kumwongezea mtu huyu deni la pili, la kulipia ugonjwa ambao bado hajaugua, ni kumwomba apige hesabu ambayo amekwisha kuipiga mara nyingi na akashindwa. Nilichokiomba kwa niaba yao tangu mwanzo ni kitu chepesi zaidi: mchango wenyewe ukubaliwe kwa mwezi, au kwa msimu, kama mchango na si kama rejesho la mkopo, na aliyelipa miezi mitano ya kaskazi ahesabiwe kuwa ana bima kwa miezi aliyolipia.

Nikisema hivi huambiwa kwamba watu watalipa pale tu wanapougua, kisha waache, na mfuko utafilisika. Hoja hiyo ina uzito. Lakini sharti la mwaka halijaiondoa hatari hiyo, limeisogeza tu. Sasa ninaona familia ikisubiri mpaka mgonjwa amelazwa, ndipo ndugu wote wanapigiwa simu, mbuzi anauzwa kwa bei ya kutupa, na mchango wa mwaka unalipwa mgonjwa akiwa kitandani. Mwaka uliopita nilikaa na familia moja usiku kucha nje ya hospitali ambayo sina haja ya kuitaja, wakichanga kwa njia hiyo hiyo, hamsini hapa, mia mbili pale, kutoka Lunga Lunga hadi Malindi. Pesa zilitimia saa kumi za alfajiri. Hawakuwa wamekataa kuchangia; kopo lao lilikuwa na shilingi mia nane na zaidi, na hakuna mahali palipokubali kuzipokea kama mchango wa miezi miwili.

Kuhusu wajawazito nitasema kwa ufupi, ingawa moyo wangu ungependa kusema zaidi. Tangu mwaka 2013 mama aliweza kujifungua bila malipo katika hospitali ya umma, na baadaye Linda Mama, mpango wa uzazi bila malipo, ikabeba jukumu hilo ndani ya NHIF, kwa kujiandikisha tu. Msichana wa miaka kumi na tisa hakulazimika kwanza kupata elfu kadhaa. Sasa uzazi umewekwa chini ya mfuko unaochangiwa, ambao hulipa shilingi 10,000 kwa uzazi wa kawaida na 30,000 kwa upasuaji, na anayestahiki ni yule ambaye mchango wa mwaka wa kaya yake umekamilika. Jina limebadilishwa kuwa Linda Jamii. Wasichana wangu hawaulizi jina, wanauliza kama wanaweza kwenda. Mkunga wa jadi aliyekuwa amestaafu hapa kijijini ameanza tena kugongewa mlango usiku, nami namheshimu sana bibi yule, lakini hana damu ya kumwongezea mtu. Naomba mjamzito apokelewe kwanza, na suala la mchango wa kaya yake lifuate baadaye.

Lipo pia la alama za vidole za kumtambulisha mgonjwa hospitalini, zilizoletwa ili kuzuia udanganyifu. Nakubaliana na nia yake. Ila mtu aliyevuta kamba na kuchokoa pweza miambani kwa miaka thelathini vidole vyake vimesagika vikawa laini kama kigae, na mashine humkatalia. Ninaye jirani aliyejaribu vidole vyote kumi. Maelekezo ya nini kifanyike kwa mtu kama huyo yangebandikwa ukutani, yangewaondolea fedheha yeye na karani aliyekuwa mbele yake.

Serikali ilipotangaza kwamba itawalipia michango wananchi milioni 2.2 wasiojiweza, nilishukuru kwa dhati, na kama majina bado yanaongezwa, naomba yaanzie kwenye madaftari yetu. Kila mhamasishaji analo. La kwangu ni la kurasa mia mbili, lina gamba la bluu, na mwisho wake nimeandika kaya zilizolipa, mwezi zilipolipa na mwezi ambao bima yao inakwisha. Kwa kuwa wengi walilipa kwa pesa za sikukuu ya Madaraka, za harusi au za matanga, miezi hiyo haifuati msimu wa bahari. Kaya saba zinaishiwa kati ya Juni na Agosti, kusi likiwa katika nguvu zake, na nimeshapita kwa zote saba kuwakumbusha. Watano wameniambia watalipa kaskazi ikirudi. Ningependa kujua, Mheshimiwa Waziri, kwa miezi hiyo iliyo katikati niwaandike vipi.

Wako mtiifu,
Mhamasishaji wa afya ya jamii
Kaunti ya Kwale