Ukitoa busta ya breki, badili pedeli na masta pia

Mhariri,

Naomba nafasi niwaandikie wenye Land Rover na Peugeot za zamani hapa Kigoma, pamoja na mafundi wanaozihudumia. Busta, yaani chombo kinachotumia mvuto wa upepo wa injini kuongezea nguvu mguu unaokanyaga breki, ikifa, wengi huchomoa mpira wa upepo unaotoka kwenye manifoldi (bomba la injini la kuvutia hewa), wakaziba tundu kwa bolti, kisha mwenye gari anaambiwa sasa ana "breki za kawaida". Huo ni mfumo wa busta uliokosa busta. Anayeteremka nao kutoka Manyovu na mzigo nyuma atakanyaga kwa nguvu zake zote na gari litazidi kwenda.

Kwanza hakikisheni busta imekufa kweli. Zima injini, kanyaga pedeli mara tano sita hadi iwe ngumu, ishikilie hapo hapo, kisha washa. Ikizama kidogo, busta ni nzima. Isipozama, kagua mpira wa upepo na vali yake ya njia moja kabla ya kufungua chochote. Land Rover iliyobadilishiwa injini ya dizeli ya Kijapani iangaliwe nyuma ya alteneta. Injini nyingi za aina hiyo zina pampu ya kuvuta upepo pale, na alteneta isiyo na pampu ikifungwa, hata busta mpya haitafanya kazi.

Ukishaamua kuitoa, hesabu ndiyo hii. Gari la busta kwa kawaida lina pedeli yenye uwiano wa karibu 4 kwa 1: kutoka pini ya juu hadi pa kukanyagia ni milimita 300, na fimbo ya kusukuma masta (silinda kuu inayosukuma mafuta ya breki) imeshikwa milimita 75 chini ya pini. Mguu wa kilo 30 unatoa kilo 120. Kwenye masta ya kipenyo cha inchi 1, hizo ni kama kilo 24 kwa kila sentimita ya mraba. Sasa toboa tundu jipya la fimbo milimita 50 kutoka kwenye pini, uwiano uwe 6 kwa 1, na ufunge masta ya inchi 7/8. Mguu ule ule sasa unatoa kama kilo 46 kwa kila sentimita ya mraba. Toboa, usikate pedeli na kuichomelea. Masta nayo ipandishwe ilingane na tundu jipya, maana fimbo ikisukuma kwa mshazari inakula raba upande mmoja.

Nguvu hiyo inalipiwa kwa mwendo wa pedeli, ambao nao unakaribia kuongezeka maradufu. Kwa hiyo brekishuu zikazwe hadi ziguse dramu, halafu zilegezwe kidogo tu gurudumu lizunguke. Zikiachwa mbali, pedeli itafika sakafuni kabla breki hazijashika. Na msizidishe kwa kufunga masta nyembamba zaidi. Itaishiwa mafuta kabla ya kujaza silinda za magurudumu.

Kosa linaloniogopesha kuliko yote liko kwenye fimbo. Pistoni ya masta nyingi za busta ina kishimo kifupi tu, kwa sababu fimbo ya busta haina pa kuchomokea. Masta isiyo ya busta ina shimo refu linaloimeza fimbo. Ukifunga ile ya kishimo kifupi, siku pedeli ikirudi kwa kishindo fimbo inadondoka, na hapo huna breki kabisa. Acha pia nafasi ya milimita 2 hivi kati ya fimbo na pistoni. Ikibanana, tundu dogo la kurudishia mafuta linabaki limezibwa, mafuta yanapata moto na kutanuka, na breki zinajishika zenyewe njiani.

Tundu la manifoldi lizibwe kwa plagi ya nyuzi. Likivuta hewa, injini ya petroli itatikisika ikiwa sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, na vali zitaungua. Masta inasogea nyuma busta ikitoka, hivyo paipu zitengenezwe upya kwa chuma na vichwa vyake vya kupanuliwa. Mpira wa petroli na klipu hauvumilii presha hiyo.

Masta itolewe upepo mezani kabla ya kufungwa. Lita moja ya mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4 inatosha. DOT 5 ya silikoni isichanganywe nazo. Kisha toa upepo kwenye magurudumu, ukianza na lililo mbali zaidi na masta: kwa usukani wa kulia ni la nyuma kushoto, halafu nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia.

Kabla ya kutoka gereji, kanyaga kwa nguvu na ushikilie dakika nzima. Pedeli ikizama polepole na hakuna panapovuja, raba za masta zinapitisha mafuta kwa ndani, na hiyo masta irudi dukani. Ikisimama imara, jaribu kwenye tambarare kwa kilomita 20 kwa saa, kisha 40, ndipo uende Manyovu.

Fundi wa breki,
Ujiji, Kigoma