Kwa treni mpaka Bulawayo

Dar es Salaam
7 Oktoba 2018

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi kutoka Temeke. Sisi wazima, na mama anakusalimu. Bado anazingoja picha za mtoto.

Uliniuliza kwa nini niliacha kupanda ndege nikaenda Zambia na Zimbabwe kwa treni. Nimeona nikuandikie, maana kwa simu nisingemaliza.

Kituo cha Tazara, reli ya Tanzania na Zambia, na uwanja wa ndege viko kwenye barabara moja, ya Nyerere. Dereva alipoona mabegi akajua nakwenda uwanjani. Nilipomwambia anishushe hapo kituoni akanigeukia: "Dada, Zambia kwa treni?" Nikamjibu ndiyo, baba yangu aliijenga hiyo reli.

Unakumbuka marehemu baba alivyokuwa akisimulia kibarua chake cha mwaka 1972, kupasua miamba kati ya Mlimba na Makambako? Nimekua na jina la Mlimba mdomoni, na nilikuwa sijawahi kufika. Kwa ndege ningepita juu yake nimelala.

Tuliondoka Ijumaa alasiri. Chumba cha daraja la kwanza kina vitanda vinne, wanawake mbali na wanaume mbali. Mmoja wa wenzangu alikuwa mama mfanyabiashara wa Nakonde, mji wa Zambia ulio mpakani, kafungasha vitenge vya Kariakoo mpaka chini ya kitanda changu. Jua linazama tukiwa ndani ya Selous, twiga watatu wamesimama karibu kabisa na reli wanatutazama. Yule mama akafungua kopo lake, akamenya mayai ya kuchemsha, chumvi ameifunga kwenye kipande cha gazeti, akatugawia sote hata kabla hatujajuana majina. Usiku ule alinifundisha kusalimia Kibemba.

Alfajiri niliamka tumeshapita Mlimba. Rehema, sijui nikuelezeje. Treni inapanda mlima kama mzee anayepanda ngazi. Ghafla giza, baridi inaingia dirishani pamoja na moshi wa injini, mama wa Nakonde anapiga kelele "Fungeni dirisha!", halafu mwanga, na bonde liko chini kabisa, na daraja jembamba mbele yetu. Kisha giza tena. Katika reli nzima mahandaki yanapita 20. Katika lile moja refu nilitoa mkono kidogo nikaona ukuta ulivyo karibu, mawe yamechongwachongwa, na machozi yakanitoka. Sikuona haya. Yule mama aliponiuliza nikamwambia, naye akanyamaza pamoja nami mpaka tukatoka upande wa pili.

Mpakani Tunduma maofisa wa Uhamiaji walipanda wenyewe, tukagongewa mihuri tukiwa tumekaa vitandani. Wabadilisha fedha nao wakaja na mafungu ya kwacha, na saa tukairudisha nyuma moja. Nakonde mama akashuka, vitenge vikapitishwa dirishani furushi kwa furushi, mimi nikisukuma kwa ndani. Mto Chambeshi tuliuvuka usiku, na maji yake yanakwenda kuwa mto Kongo. Jumapili tukafika Kapiri Mposhi, kilomita 1,860 kutoka nyumbani.

Kutoka hapo nilipanda basi mpaka Lusaka, kisha Livingstone. Maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yaani ya Victoria, umeyaona kwenye picha nilizokutumia, sirudii. Ila lile daraja la mwaka 1905 nililivuka kwa miguu, nikaingia Zimbabwe nimelowa chapachapa kwa manyunyu.

Sasa sikiliza hili. Usiku ule nilipanda treni ya kutoka Victoria Falls kwenda Bulawayo. Behewa ni la zamani, kuta za mbao nyekundu iliyosuguliwa, na kwenye kioo juu ya sinki zimechongwa herufi mbili, RR. Rhodesia Railways, reli ya Rhodesia, jina la zamani la Zimbabwe. Nikasimama pale. Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia, alipojitangazia uhuru wa walowezi Novemba 1965, shaba ya Zambia ilikuwa inapita kwenye reli hii hii kwenda baharini. Ndipo Nyerere na Kaunda wakazidi kutafuta njia nyingine, Wachina wakakubali kukopesha bila riba, na baba yangu akapewa nyundo. Historia ile tuliikariri darasani kwa ajili ya mtihani. Nilikuja kuielewa pale, nikichana nywele, uso wangu uko nyuma ya zile herufi.

Nauli yote ilikuwa chini ya nauli ya ndege ya kwenda peke yake, lakini hilo lisikuvute. Siku ndizo zilizonivuta. Kwa ndege ningebadili Lusaka au Johannesburg, nikashuka nikiwa sijamjua mtu hata mmoja.

Niambie likizo yako inaanza lini. Nataka twende wote, na tiketi nitakata mimi. Chukua kitanda cha chini, mtoto atalala vizuri, nawe asubuhi utakuwa dirishani nikuonyeshe pale baba alipopasua miamba. Njoo na kanga ya kujifunika, Makambako kuna baridi kali.

Akupendaye,
Mwanahamisi