Miche ya migomba ya maabara si GMO

Mhariri,

Tangu serikali ya Kenya ilipoondoa, mnamo Oktoba 2022, marufuku ya mwaka 2012 dhidi ya vyakula vilivyobadilishwa vinasaba (GMO), wakulima wengi wamekuwa wakikwepa kila kitu kitokacho maabara, hata miche ya migomba. Hofu hiyo inatuumiza. Bioteknolojia ni matumizi ya viumbe hai kwa manufaa ya binadamu: hamira inayoumua mahamri imo, na insulini ambayo tangu miaka ya 1980 hutengenezwa na bakteria waliopandikizwa jeni ya binadamu, nayo imo.

Mche wa maabara hupatikana kwa kukata kiini cha chipukizi, kukisafisha na kukikuza ndani ya chupa yenye virutubisho, bila kugusa vinasaba vyake, hivyo hufika shambani ukiwa hauna fukusi wala minyoo ya mizizi. Hauna, hata hivyo, kinga dhidi ya mnyauko wa bakteria, na muuzaji anayelificha jambo hilo anamdhulumu mkulima. Nawasihi maafisa wa kilimo wa kaunti watueleze yote mawili, waziwazi, kabla ya mvua za masika.

Mkulima wa ndizi,
Murang'a