Barua ya wazi kwa wazazi wa besiboli: tulikula pilau la asilimia thelathini

Wazazi wenzangu mlioko Houston, na nyinyi wa Dallas na Columbus mnaorushiwa hizi barua na mashemeji zenu, habari za siku. Wajukuu marahaba, najua hamjaamkia ila nawapokelea tu.

Naandika nikiwa na hasira, nimeipa siku tatu ipungue haijapungua. Jumanne nimempeleka kijana wetu mmoja kuchukua vitu vyake bwenini, chuo binafsi, sikitaji jina na wala sio cha hapa Houston msianze kubahatisha. Masaa manne kwenda, manne kurudi. Tumepakia lile begi refu la magongo, kifriji kidogo, feni, na viatu vya spaiki bado vina udongo mwekundu wa uwanjani. Njia nzima kijana hakusema kitu zaidi ya "babu ukiona choo simama". Na huyu ndio yule yule wa 2023, tuliyemfanyia sherehe kwenye ukumbi wa apatimenti, mama yake kapika masufuria mawili, keki ina umbo la kofia ya timu, na kwenye grupu la WhatsApp mkaandika "full skolashipu, hongera mama" na mikono ya dua isiyo na idadi. Nilikuwepo. Nilikula. Na ile barua ya ofa ilikuwa mezani pembeni ya kachumbari, nikavaa miwani nikaisoma, nikaona imeandikwa asilimia 30 ya gharama, sio mia, nikaikunja nikairudisha. Pilau limeshaiva, mama wa watu anacheka, wewe uanze kusema nini? Nikanyamaza. Kwahiyo nusu ya hasira hii ni yangu mwenyewe, nusu iliyobaki gawaneni.

Kwa wasionijua, mimi nimeendesha mabasi ya kukodi hapa Texas miaka kumi na tisa na nimebeba timu za vyuo mpaka naujua usingizi wa kila aina. Nikitoka Tanga nilikuwa najua mpira wa miguu na rede tu, na besiboli mwanzoni niliiona ni rede ya wazungu wasiokimbizana. Baadae ikaniingia. Dereva wa timu anasikia mambo ambayo mzazi hasikii, kwasababu makocha wakikaa viti vya mbele usiku wanapiga hesabu kwa sauti kama vile usukani unajiendesha wenyewe.

Sasa sikilizeni hesabu yenyewe. Mpaka msimu wa 2025, sheria ya NCAA, wale wasimamizi wa michezo ya vyuo Marekani, kwa daraja la kwanza ilikuwa timu nzima ya besiboli iwe na skolashipu 11.7. Sijakosea kuandika, kumi na moja nukta saba. Rosta, yaani orodha ya wachezaji, kwa miaka mingi ilikuwa watu 35, wanaoruhusiwa kugusa hizo hela hawazidi 27, na kila anayepewa asipungukiwe robo, miaka ya mwisho ikafika 40 na 32. Ni kuku mmoja kwenye msiba wa watu thelathini, mwingine anapata paja mwingine anapata shingo na wote wakirudi nyumbani wanasema tumekula kuku. Futiboli yao ile ya helmeti ilikuwa na skolashipu 85 kamili kamili, ndio maana jirani yako akisema mwanae kapata full ya futiboli inawezekana ni kweli, na wewe ukisema hivyo hivyo ya besiboli naomba nione karatasi.

Robo sio robo kila mahali, hapo ndipo chuo binafsi kinapowamaliza. Kwenye chuo cha jimbo ambapo mkazi analipa labda dola 30,000 kwa mwaka na chakula na kitanda ndani, ukipewa robo unabaki na 22,500. Kwenye chuo binafsi cha 90,000, robo ni kubwa zaidi, inapendeza kwenye barua, lakini unabaki na 67,500. Kocha wa chuo binafsi analijua hilo kuliko nyie, usiku kwenye basi nimemsikia mmoja analalamika kwamba kijana anayempenda ataenda kwa jirani sio kwasababu jirani ni bora, ni kwasababu bei ya jirani baada ya punguzo inalipika. Kwahiyo kocha naye yupo kwenye shida, simchukii, ana kazi ya kuuza nyama ghali kwa watu wenye hela ya dagaa.

Kijana wetu chuo chake kilikuwa 68,000 kwa mwaka. Asilimia 30 ni 20,400. Chuo kikaongeza msaada mwingine wa 12,000. Kikabaki 35,600. Baba anaendesha foklifti kwenye ghala, mama anahudumia wazee zamu ya usiku. Wakachukua mkopo wa mzazi wa serikali, ule wa PLUS, mwaka wa kwanza riba 8.05 kwa mia, mwaka wa pili 9.08. Miaka miwili ni dola 71,200 kabla riba haijaanza kutembea. Na mkopo huo umeandikwa jina la mama, sio la kijana. Nasema tena, jina la mama.

Halafu kocha aliyemchukua akaondoka. Kaja mpya, na wapya siku hizi wanakuja na watu wao, ile potali ya uhamisho iliyofunguliwa 2018 ilikuwa ya kusaidia mchezaji ahame asinyanyaswe, nzuri kabisa, na tangu 2024 mtu anaweza kuhama kila mwaka bila kukaa nje msimu mzima ilimradi masomo yake yapo sawa. Lakini mlango unaotoa watu ndio huo huo unaoingiza. Kocha wa leo kwanini amlee mtoto wa miaka 18 misimu mitatu wakati anaweza kumchukua mwanaume wa miaka 22 mwenye ndevu aliyekwisha kupigiwa kelele kwenye viwanja vingine? Na hao wenye ndevu wamejaa, maana tangu 2021 drafti, pale timu za kulipwa zinapochagua vijana, imebaki raundi 20 tu wakati zamani zilikuwa 40, na timu ndogo za kulipwa zimepunguzwa zikabaki 120. Wote hao wamerundikana vyuoni, wanakula sahani ya mwanao.

Juu ya hapo, tarehe 6 Juni 2025 jaji kapitisha ile suluhu ya kesi ya House, ya wachezaji walioishtaki NCAA wakidai malipo. Vyuo vilivyojiunga sasa vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kama dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza, na ile 11.7 imefutwa, wanaweza kumpa kila mtu full wakitaka. Nikasikia watu wanashangilia. Someni neno "wakitaka". Rosta nayo imekatwa kuwa 34. Piga mwenyewe, full 34 kwa chuo cha 90,000 ni zaidi ya milioni tatu, kwa mchezo ambao viti vingi Jumanne usiku vipo tupu, na hizo hela za kulipa wachezaji futiboli na kikapu wanazikomba kwanza. Chuo chenye mfuko mnene kama Vanderbilt, ambao wamechukua ubingwa 2014 na 2019, wanajua pa kuzitoa. Kile kidogo kilichokopa ili kijenge taa za uwanja hakijui. Waliokuwepo kabla mahakama iliruhusu wasihesabiwe kwenye 34, ila kwa hiari ya chuo, na hiari haikumfikia kijana wetu. Kaitwa ofisini, dakika sita kaniambia alihesabu saa ya ukutani, akaambiwa skolashipu ni ya mwaka mmoja mmoja na yake haiendelei. Mnajua alichouliza? Kauliza kama arudishe koti.

Nisiwaonyeshe mabaya ya wasiotajwa tu. Twendeni hapa hapa kwetu Houston, chuo binafsi cha Rice, uwanja wao Reckling Park, nimekaa pale jua la Machi mpaka kipara kikabadilika rangi. Chuo ambacho wakati ule kilikuwa na wanafunzi wa digrii ya kwanza chini ya 5,000, na kocha Wayne Graham, mzee aliyetoka San Jacinto, chuo cha miaka miwili hapo Pasadena, kaja 1992, na 2003 wakachukua ubingwa wa taifa Omaha, kule fainali zinakochezwa, kwa kumpiga Stanford 14 kwa 2. Ubingwa wa taifa wa kwanza wa timu ya Rice kwenye mchezo wowote. Warushaji wake watatu, Humber, Niemann na Townsend, wote walichukuliwa ndani ya nane wa kwanza kwenye drafti ya 2004, hebu fikiria, chuo kimoja. Miaka 23 mfululizo wakaingia mashindano ya taifa, 1995 mpaka 2017. Tangu hapo mpaka 2025 hawajarudi. Graham kaondoka 2018, kaja mmoja kaondoka, kaja Jose Cruz Jr. mtoto wao wa nyumbani kabisa, Machi 2025 kaachishwa msimu ukiwa katikati. Watu pale kwenye viti wanalaumu makocha. Mimi naona mbali zaidi kidogo. Ligi yao ya zamani ya Southwest ilivunjika 1996, vyuo vikubwa vikaondoka kwenda ligi ya Big 12 na chuo cha Baylor kikabebwa nao japo ni binafsi, Rice wakaachwa wanahama nyumba kama mpangaji, leo huku kesho kule. Mzee Graham aliiziba ile tofauti kwa jicho lake la kuona kijana ambaye wengine hawajamuona. Siku hizi jicho hilo likimuona kijana mzuri mwaka wa kwanza, mwaka wa pili mwenye hela anamchukua.

Na wengine walifungiwa kabisa. Furman, South Carolina, Mei 2020 walifuta besiboli iliyokuwepo tangu karne ya kumi na tisa. Birmingham-Southern ya Alabama, chuo cha tangu 1856, kiliishiwa hela kikafunga milango tarehe 31 Mei 2024. Siku hiyo hiyo timu yao ya besiboli ilikuwa Ohio inacheza fainali za daraja la tatu. Chuo hakipo, wao wapo uwanjani na jezi ya chuo. Watu wakawachangia mtandaoni wapate kula na kulala. Wakapoteza ya kwanza, wakashinda ya pili, ya tatu wakafungwa 11 kwa 10 na Wisconsin-Whitewater kwenye pigo la mwisho kabisa. Nilikuwa nimekaa jikoni, chai imepoa, nikamfikiria dereva wao. Unawarudisha wapi?

Haya, mengine nayasema haraka. Mwambie mwanao achague chuo ambacho akivunjika goti wiki ya kwanza bado atataka kubaki. Kijana akitaka kuhama, aulize kwanza masomo yake mangapi yatakubaliwa kule aendako. Vyuo vya miaka miwili sio aibu, warushaji wakubwa Roger Clemens na Andy Pettitte walipita San Jacinto na ada yake unailipa kwa mshahara. Msaada wa kipato na skolashipu ya mchezo ni vitu viwili tofauti, jazeni FAFSA, ile fomu ya serikali ya kuomba msaada wa ada, mapema, Rice wenyewe wana mpango wao waliotangaza 2018 wa kulipia ada familia za kipato cha chini na cha kati, hauulizi unarusha mpira maili ngapi kwa saa. Na sheria iliyosainiwa Julai 2025 inasema kuanzia tarehe 1 Julai 2026 mkopo wa mzazi uwe na kikomo, dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa mtoto mmoja, kwahiyo lile pengo mlilokuwa mnaliziba kwa PLUS litabaki wazi na watakuja wa benki wanacheka.

Lakini sisi wenyewe jamani. Harusi tunachanga, msiba tunachanga ndani ya saa moja maiti inapata tiketi, safi. Barua ya kurasa nne ya kumfunga mama wa watu deni la miaka mingi hakuna anayeomba isomwe kwenye kikao. Tunaogopa kuonekana tuna kijicho. Mtu akisema "hebu tuone hesabu" anaitwa mchawi. Na hawa wenyeji wetu nao, mchezo wa gongo na mpira wameufanya mali ya wenye uwezo, timu za wikendi kwa mtoto wa miaka kumi ni maelfu ya dola, halafu 2022 Astros wetu wa Houston wanacheza fainali ya kulipwa na Phillies wa Philadelphia hakuna hata mweusi mmoja mzaliwa wa Marekani kwenye orodha za kucheza za timu zote mbili, mara ya kwanza tangu 1950, wanashangaa wamekwenda wapi. Hata huko Dar vijana wa pale Azania wananitumia video wakipiga, babu nitafutie chuo, na gongo wanashika vizuri kuliko baadhi niliowabeba. Nawajibu polepole kwasababu sitaki kuwadanganya wala kuwakata.

Kijana wetu anaanza San Jacinto mwezi huu. Hajasema kama atacheza na mimi sijamuuliza, koti alirudisha kweli, ila kofia ya timu mama yake kaikataa kuitoa juu ya kabati.

Mwenye barua ya ofa ndani aje nayo Jumamosi baada ya alasiri, nipo nyumbani, njoo na karatasi zote hata zile mlizoona hazina maana. Sitamwambia mtu. Kahawa ipo, kikokotoo kipo. Na mimi nina yangu ya kuisoma, mjukuu wangu katimiza miaka kumi na moja, anarusha kwa mkono wa kushoto, na jana baba yake kanitumia bei ya timu ya wikendi na kialama cha kuuliza tu bila maneno. Bado sijamjibu.